Kabla ya Kuwasha Msumeno

Wateja wengi wanaoniita kupunguza matawi au kuangusha mti huanza kukosa subira wanapoona kwamba nimefika, nimeshusha vifaa, na badala ya kupanda ninauzunguka mti polepole huku nimefunga mikono nyuma. Wapo wanaouliza kwa adabu kama kuna tatizo, na wapo wanaodhani kwamba ninavuta muda ili kazi ionekane ya kutwa nzima. Ninataka kuandika kuhusu muda huo wa kutazama, kwa sababu katika kazi ya kuhudumia miti mirefu karibu kila ajali ninayoifahamu ilikuwa imekwisha kujiandaa kabla msumeno haujawashwa, na aliyeumia hakuiona kwa kuwa hakutazama, au alitazama upande mmoja tu.

Ukaguzi huanzia chini, pale mizizi inapokutana na shina. Ninaondoa majani yaliyooza na udongo uliorundikana, kisha ninatafuta uyoga. Uyoga mgumu wa jamii ya Ganoderma unaojitokeza kwenye gome karibu na ardhi ni ishara kwamba kuvu limekuwa likila kiini cha mti kwa miaka kadhaa, ingawa matawi ya juu yanaweza kuwa na majani tele. Ulio mbaya zaidi kwa mpandaji ni ule unaoitwa Kretzschmaria deusta, ambao huonekana kama ganda jeusi lililoungua kwenye kitako cha shina na hupuuzwa kirahisi na mtu anayedhani kwamba hapo paliwahi kuchomwa takataka. Kuvu hilo huufanya mti upoteze uwezo wa kunyumbulika, hivyo shina huvunjika ghafla bila kutoa onyo la kuinama wala kulia.

Baada ya hapo ninagonga shina kwa nyundo ya mbao kuanzia kitako hadi mkono unapofika. Mti mzima hujibu kwa sauti fupi na kavu, na mti wenye uwazi ndani hujibu kwa mwangwi. Uwazi peke yake si hukumu ya kifo, kwa kuwa bomba lenye ukuta mnene ni imara sana, na mwanasayansi wa Ujerumani Claus Mattheck alieneza kipimo kinachosema kwamba hatari huongezeka pale ukuta mzima uliobaki unapopungua chini ya takribani theluthi moja ya nusu kipenyo cha shina. Mimi hukichukulia kipimo hicho kama mahali pa kuanzia maswali. Mti ulioinama, wenye ufa ubavuni au wenye matawi mapana yanayobeba upepo mwingi unaweza kuanguka hata ukiwa na ukuta mnene kuliko huo, ilhali mti mzee mfupi wenye ganda jembamba unaweza kusimama kwa miongo mingi.

Ndipo ninapoinua macho. Ninatafuta matawi makavu, hasa yale yaliyokwisha kuvunjika na kubaki yamenaswa na mengine, kwa sababu tawi la namna hiyo linasubiri mtikisiko tu, na mtikisiko wa kwanza huwa ni wangu. Ninatafuta pia dalili za nyuki. Mzinga uliomo ndani ya shimo la shina hauonekani, lakini nyuki wanaoingia na kutoka kwa mstari mmoja huonekana dhidi ya anga ikiwa mtu atasimama kimya kwa muda. Nyuki anapouma huacha kemikali inayowaita wenzake, na harufu yake inafanana na ile ya ndizi mbivu. Mtu aliye chini akiisikia harufu hiyo anaweza kukimbia, lakini aliyefungwa kwenye kamba mita 15 juu hana pa kukimbilia isipokuwa njia ile ile ya kamba. Kwa sababu hiyo sipandi mti wowote nikiwa nimefungwa kwa mkanda mfupi peke yake. Kamba ndefu inayofika ardhini lazima iwe tayari tangu mwanzo.

Watu wakisikia kazi yangu hudhani kwamba adui mkuu ni urefu, na baadhi yao hunisifu kwa ujasiri ambao kwa kweli sinao. Urefu ni hatari iliyo wazi, na hatari iliyo wazi hushughulikiwa na vifaa. Kutoka chini ninarusha kifuko kidogo chenye uzito kilichofungwa kwenye uzi mwembamba, kikapita juu ya panda niliyoichagua, yaani mahali tawi linapogawanyika na shina, kisha uzi huo ndio unaovuta kamba ya kupandia, ambayo kwa kawaida ina unene wa milimita 11 hadi 13. Kabla sijaondoka ardhini, mimi na mwenzangu tunaining'inia kwa pamoja na kuitingisha, ili panda isiyoweza kubeba watu wawili ikatae wakati miguu yetu iko sentimita chache tu kutoka chini. Mkanda wa kiunoni na mapajani huunganishwa na kamba kwa fundo la msuguano ambalo hushika linapobeba uzito na huteleza linapolegezwa. Mafundo ya aina hiyo yapo mengi, na mengi ni ndugu wa lile lililotangazwa mwaka 1931 na Karl Prusik, mpanda milima wa Austria. Mtu aliyelijua fundo lake vizuri yuko salama zaidi juu ya mti kuliko aliyesimama kwenye ngazi huku ameshika msumeno, na sioni haya kusema kwamba ngazi imeumiza watu wengi zaidi katika kazi hii kuliko inavyostahili kusamehewa.

Panda ya kufungia kamba inanileta kwenye jambo ambalo hunikera. Wateja wengi huomba mti "ukatwe kichwa," yaani matawi yote makuu yafupishwe kwa kimo kimoja, wakiamini kwamba kwa kufanya hivyo wameondoa hatari. Mti uliotendewa hivyo hujibu kwa kuchipua machipukizi mengi yanayokua kwa kasi, ambayo hushikiliwa na tabaka za nje tu za kisiki cha tawi, huku kisiki chenyewe kikioza kwa ndani. Baada ya miaka kama 10 machipukizi hayo huwa manene kiasi cha kumdanganya mpandaji kwamba ni matawi ya kuaminika. Mtu atakayeitwa kuyapunguza atafunga kamba yake hapo, na chini ya gome kuna unga mtupu. Ninapokataa kukata kichwa cha mti, kwa hiyo, sizungumzii urembo wa mti peke yake bali pia usalama wa mtu nisiyemjua atakayepanda baada yangu.

Kwa mengi tunayoyajua kuhusu uozo wa namna hiyo tunapaswa kumshukuru Alex Shigo, mtafiti wa huduma ya misitu ya Marekani, ambaye tangu mwaka 1959 alipasua maelfu ya miti kwa urefu wake, wakati wengine walizoea kuichunguza kwa kuikata mapingili. Aliona kwamba mti hauponyi kidonda kama mwili wa mnyama unavyofanya. Huzungushia eneo lililoharibika kuta za kikemikali na kuendelea kukua kwa nje, na maelezo ya kuta hizo nne aliyachapisha mwaka 1977. Kabla ya hapo mafundi walikuwa wakikwangua uozo wote, wakijaza saruji kwenye mashimo na kupaka vidonda rangi au lami, kazi ngumu iliyovunja kuta zile zile ambazo mti ulikuwa umejijengea. Siku hizi tawi hukatwa kwa hatua tatu: mkato mfupi kutoka chini ili gome lisichanike, mkato wa juu unaoangusha uzito, na mwisho mkato wa kuondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe ulio mahali tawi linapoungana na shina. Uvimbe ule haupaswi kuguswa, kwani ndimo ulinzi wa mti ulimo.

Sasa tuje kwenye msumeno wenyewe. Mnyororo wa msumeno unaoendeshwa kwa kasi kamili hukimbia zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Robo ya juu ya ncha ya ubapa unaobeba mnyororo ikigusa kitu kigumu, nguvu ile yote huurusha msumeno nyuma na juu, kuelekea usoni na shingoni mwa anayeushika, kwa kasi ambayo hakuna mtu anayeweza kuiwahi. Breki ya mnyororo ipo kwa ajili hiyo, lakini mikono miwili iliyoshika sawasawa ndiyo kinga ya kwanza. Misumeno midogo tunayotumia juu ya mti, yenye mshikio mmoja juu ya mashine, hushawishi mtu aitumie kwa mkono mmoja huku mwingine ukishika tawi linalokatwa. Picha za kuvutia za kazi hii zinazosambazwa mitandaoni mara nyingi zinaonyesha tabia hiyo hiyo, na kijana anayejifunza kwa kutazama huiga kwanza kilicho kibaya.

Suruali ya kazi huwa na tabaka za nyuzi ndefu ambazo, kitambaa cha nje kikichanwa, huvutwa na mnyororo na kuuzongazonga mpaka usimame. Haimfanyi mtu asikatike. Humpunguzia tu kina cha jeraha. Juu ya mti tunavaa zile zenye kinga pande zote za mguu, kwa kuwa mpandaji hukata akiwa amegeuka kila upande. Na kila msumeno unapowashwa juu, ninapaswa kuwa nimefungwa mahali pawili, yaani kwenye kamba kuu na kwenye mkanda mfupi wenye waya wa chuma ndani yake, kwa sababu kamba iliyokaza hukatika mara tu mnyororo unapoigusa.

Hata hivyo, kinachohitaji macho kuliko vyote ni nguvu iliyojificha ndani ya mti. Tawi lililoegemea ukuta, au lililokandamizwa na tawi jingine, limevutwa upande mmoja na kubanwa upande wa pili kama upinde uliotegwa. Ukianza kukata upande uliovutwa, nyuzi hupasuka kwa kishindo na tawi humpiga mtu kabla hajajua limeelekea wapi. Ukianza kwa mkato mfupi upande uliobanwa, kisha ukamalizia taratibu upande uliovutwa, nguvu hutoka kidogokidogo. Shina lililoinama sana ni hatari ya aina hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa. Likikatwa kutoka nyuma kwa mazoea huweza kupasuka kwa wima, nusu yake ikapaa juu ikiwa bado imeshikana na kisiki, kisha ikaanguka pale pale fundi aliposimama. Mti wa namna hiyo hutobolewa kwanza katikati kwa ncha ya msumeno, ukaachiwa bawaba mbele, yaani ukanda wa mbao usiokatwa unaouongoza mti unapoanguka, na kipande cha kuushikilia nyuma, na kipande hicho cha nyuma ndicho hukatwa mwisho, mtu akiwa amekwisha kuchagua njia ya kuondokea, kinyumenyume na kwa pembe.

Miti iliyong'olewa na dhoruba hukusanya hatari hizi zote mahali pamoja, na ndiyo ambayo wenye nyumba hujaribu kuishughulikia wenyewe. Mti umelala, kwa hiyo unaonekana umekwisha. Lakini sahani ya mizizi iliyosimama wima na tani kadhaa za udongo wake inazuiwa isirudi na uzito wa shina tu. Shina likikatwa, sahani ile huweza kujifunga upya shimoni kwa mara moja. Ninapofika mahali kama hapo, swali langu la kwanza ni kama kuna mtoto aliyeingia shimoni kuchezea udongo, kisha ninaweka mtu wa kulilinda shimo hilo mpaka kazi iishe.

Uzito ni somo jingine ambalo macho hudanganya. Mti mbichi una uzito unaokaribia ule wa maji, yaani karibu tani moja kwa mita moja ya ujazo kwa aina nyingi. Pingili yenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita moja, ambayo kwa macho ni kipande kidogo tu, ina zaidi ya robo tani. Pale isipowezekana kuangusha vipande moja kwa moja, kwa sababu kuna paa au ukuta chini, tunavishusha kwa kamba inayopita kwenye kapi lililofungwa kwenye shina. Kapi hilo halibebi uzito wa kipande pekee: kamba inavutwa pande zote mbili, hivyo mahali kapi lilipofungwa hubeba takribani mara mbili ya uzito huo, na kipande kikianguka umbali fulani kabla ya kamba kukaza, nguvu huongezeka mara kadhaa tena. Nami nimefungwa kwenye shina lile lile. Mwenzangu aliye chini, anayeiachia kamba iteleze kwa ustadi badala ya kuikaza ghafla, ndiye anayeamua kama shina litatikisika kidogo au litanirusha huku na huku.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaomwona mtu wa chini kuwa kibarua wa kuokota matawi. Yeye ndiye anayelinda eneo la maangukio, anayejua wakati wa kunijibu na wakati wa kunyamaza, na ndiye atakayenishusha nikizirai. Mtu aliyepoteza fahamu akiwa ananing'inia wima kwenye mkanda huweza kuharibikiwa katika dakika chache, hata kama hana jeraha, na huduma ya dharura ikifika haitakuwa na mtu wa kupanda mti. Lazima awepo chini mtu wa pili anayejua kupanda, mwenye vifaa vyake tayari. Mashindano ya kimataifa ya wapanda miti, yaliyoanza mwaka 1976, yana kipengele kizima cha kumwokoa aliyeumia juu ya mti, na kwangu hicho ndicho cha maana kuliko mbio za kupanda zinazopendwa na watazamaji.

Mashine ya kusaga matawi nayo ni yake huyo mtu wa chini. Ikishika tawi hulivuta kwa kasi kuliko mkono unavyoweza kuachia, na kijitawi kilichojikunja huweza kunasa mkono wa shati au kamba iliyosahaulika ardhini. Tawi huingizwa kwa upande wake mnene, kutoka pembeni, na anayelilisha huondoka mara linaposhikwa. Vipande vifupi husukumwa kwa tawi jingine refu. Havisukumwi kwa mkono, na kwa mguu ndiyo kabisa.

Kuhusu nyaya za umeme nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hapa hapana cha kujadili. Mti mbichi hupitisha umeme, na umeme wa msongo mkubwa huweza kuruka hewani bila mtu kugusa waya. Tawi likianguka kwenye waya, ardhi yenyewe huweza kuwa na umeme unaotofautiana kati ya hatua moja na nyingine, hivyo aliye karibu huondoka kwa kuburuta miguu iliyobanana, bila kupiga hatua ndefu. Mti uliofikia nyaya ni kazi ya waliofunzwa mahususi, baada ya wenye nyaya kukata umeme, na mteja anayenihakikishia kwamba waya huo "hauna kitu" hunifanya nifunge vifaa vyangu.

Zipo hatari zinazohusu aina moja ya mti tu, na fundi aliyezoea matawi hushangazwa nazo. Baadhi ya mitende mirefu ya mapambo huacha majani yake makavu yakining'inia kuzunguka shina kwa miaka. Anayepanda chini ya majani hayo na kuanza kuyakata kutoka chini anaweza kuporomokewa na pete nzima, ikamkandamiza kwenye shina hadi akashindwa kupumua. Hukatwa kutoka juu, kwa kutumia jukwaa la kuinuliwa. Huko Ulaya, mti unaoitwa Fraxinus excelsior, unaouawa na kuvu la Hymenoscyphus fraxineus, umekuwa mkavu na mwepesi wa kuvunjika kiasi kwamba mafundi wengi hawaupandi tena kwa kamba.

Kuna pia madhara yasiyokuja kwa kishindo. Msumeno hutoa sauti inayozidi desibeli 100 masikioni mwa anayeushika, ilhali kinga ya masikio inahitajika tangu desibeli 85. Mtetemo wake, ukipokewa mwaka baada ya mwaka, huharibu mishipa ya damu na ya fahamu ya vidole, vikawa vyeupe na kufa ganzi asubuhi za baridi. Sheria za Umoja wa Ulaya huweka kikomo cha mita 5 kwa sekunde ya mraba kwa kazi ya saa 8, na humtaka mwajiri aanze kuchukua hatua tangu 2.5. Misumeno ya betri imepunguza mengi ya hayo, na ninaifurahia, ingawa imeleta mtego wake: mashine iliyo kimya inaonekana imezimwa, kumbe kidole kikigusa kitufe mnyororo unakimbia.

Uchovu ndio unaounganisha yote niliyoyataja, kwa maana anayechoka huacha kutazama kwanza, kabla hata mikono haijalegea. Ninapanga kazi nzito ya juu asubuhi na kuacha alasiri kwa kusafisha, kupanga magogo na kukagua vifaa. Kamba hupitishwa mkononi sentimita kwa sentimita nikitafuta ugumu, mahali palipoyeyuka kwa msuguano au uzi uliochomoza. Karabina, yaani pete za chuma za kuunganishia kamba, hufunguliwa na kufungwa zote. Kamba yoyote ya kupandia iliyoguswa na mnyororo haihifadhiwi kwa ajili ya kufungia mizigo, kwa kuwa siku moja mtu mwenye haraka ataichukua akidhani ni nzima. Huikata vipande vifupi jioni hiyo hiyo, kila kimoja kifupi kiasi kwamba hakiwezi kumbeba mtu.